Siku Tulipokuwa Watu wa Bibi Harusi

Ukumbi tuliofanyia mazoezi ulikuwa upande wa Mengo, na sikuwahi kuelewa ulikuwa wa nani. Wahindi ndio walioujenga. Walipofukuzwa nchini, funguo zikawa kwa askari mmoja, halafu kwa mwingine. Jumapili watu walisali humo, katikati ya juma mabondia walipigana, na siku nyingine tulikuta foleni ya sukari imefika hadi chini ya goli letu la netiboli. Tukiikuta, tulirudi nyumbani bila kuuliza.

Mimi nilitoka Kenya, nikifanya kazi ya kupiga taipu mjini. Wenzangu walikuwa manesi na makarani, na kocha wetu alikuwa konstebo wa kike kutoka kaskazini, mama mrefu asiyependa maneno mengi.

Jumamosi moja mchana tulifika tukiwa saba, na sketi zetu za mchezo. Mlangoni alisimama mwanajeshi.

"Nyinyi ni watu ya bwana ama ya bibi?" akauliza.

Hatukumwelewa. Mmoja wetu akasema sisi ni timu.

"Mimi nauliza, ya bwana ama ya bibi?"

"Ya bibi, afande," kocha akajibu.

Akatupisha. Ndani kulikuwa na harusi. Viti vya kulia vilijaa wanajeshi na wake zao. Vya kushoto vilikuwa vitupu, isipokuwa kimoja alichokalia mama mmoja mzee aliyevaa gomesi ya kijani, lile gauni refu la wanawake wa huko. Tukaenda kukaa nyuma yake, magoti wazi, tukijaribu kuvuta sketi zishuke. Nilimnong'oneza kocha, kwa nini amesema vile? Akasema ameona upande mmoja hauna mtu, na jibu likamtoka.

Yule mama akageuka. Alikuwa shangazi wa bibi harusi.

"Kaka yangu ndiye amewatuma?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Kaka yako yupi, mama?"

"Baba ya huyu mtoto. Alisema hatakanyaga hapa, wala mtu wake hatakanyaga."

Nilitaka kumwambia kwamba tumekuja kucheza mpira. Lakini machozi yalikuwa yameshamjaa, na mwanajeshi wa mlangoni alikuwa akitutazama. Nikanyamaza. Yeye akauchukua ukimya wangu kuwa jibu, akanishika mkono, hakuuachia tena.

Bibi harusi alikuwa msichana wa umri wangu. Tangu tuingie alikuwa akitutazama sisi tu, mmoja mmoja, kama anayetafuta sura anayoijua. Bwana harusi, luteni mwembamba, alikuwa akitokwa na jasho. Sikuweza kujua kama msichana yule amependa au amelazimishwa. Kila nilipofikiri nimeona dalili ya hili, niliona na ya lile.

Wakati wa kupongeza, shangazi alinisukuma mbele. Bibi harusi akaniinamia sikioni.

"Baba amekubali?"

Mpaka leo siwezi kueleza kwa nini nilisema, "Ndiyo."

Akalia. Wanajeshi wakapiga makofi. Tulipewa wali na soda, tukacheza ngoma juu ya mistari ya uwanja wetu wenyewe, kisha tukaondoka. Njiani hakuna aliyecheka. Kocha alisema tu kwamba tusilizungumze kazini.

Nilikaa miezi mingi na neno lile. Nilihofu kwamba pengine msichana alikuwa akingoja kusikia hapana ili akimbie. Halafu nikajiambia, akimbilie wapi, na mlango una bunduki?

Siku moja tukiwa mazoezini aliingia yule bibi harusi, na mtoto mchanga kifuani. Alinitambua mara moja, akaniita pembeni.

"Niliamini maneno yako, dada," alisema. "Wiki ile ile nilikwenda nyumbani Kansanga kumshukuru baba kwa kutuma watu. Akavuta kiti, akakifuta vumbi kwa mkono. Mwisho akaniambia, haya, keti, chai ipo."

"Hakusema kwamba hakututuma?"

"Hajasema hata leo. Siku hizi ninakaa kwake."

Nikauliza habari za mumewe. Akasema alipelekwa kazini Mbarara na hajapata barua, na yeye alipokwenda kambini kuuliza, askari waliambiana wao kwa wao maneno asiyoyaelewa, wakamwambia arudi nyumbani. Alimpenda? Niliona aibu kuuliza.

Akamhamishia mtoto bega la pili.

"Sasa niambie wewe. Mlikuwa watu wa nani?"

Nikamwambia ukweli, kwamba tulikuja kufanya mazoezi tu. Alinitazama, halafu akaitazama sketi yangu, na sikuweza kusoma alichofikiri. Kocha akapuliza filimbi. Nilirudi uwanjani, na nilipogeuka alikuwa amekaa kwenye benchi akimnyonyesha mtoto, akitutazama tukicheza. Alikaa hadi tulipomaliza, akatuaga sote kwa adabu, akaondoka.