Dzidra Purmale, Jina la Mwisho Karatasini

Kwa miaka mingi Dzidra Purmale alifundisha chuo kikuu, Riga, habari za mimea ya vinamasini. Alirudi kijijini kwao Vidzeme kumuuguza mama yake, na alipokwisha kumzika, chama kikamwomba agombee udiwani. Kilitaka jina la profesa lipambe karatasi yake ya kura. Kichwa cha profesa chama hakikuwa na haja nacho. Hii ndiyo aibu ya vyama vyetu: humweka msomi mbele kama ua la mezani, kisha hushangaa ua likisema.

Na Dzidra, alipokwisha kuchaguliwa, alisema. Halmashauri ilipotaka kuifunga shule ya kijiji, ati watoto ni wachache, alikipinga waziwazi chama chake mwenyewe, kilichotaka ifungwe. Kura zikalingana, uamuzi ukaachiwa baraza litakalochaguliwa mwezi Juni. Tangu hapo uhai wa shule ukawa unategemea kiti chake.

Jumamosi moja ya Mei wanakijiji walikuwa makaburini wakichana mchanga wa makaburi ya jamaa zao kwa reki, kama ilivyo desturi yetu ya kuwaheshimu wafu, kila mtu akirudi kinyumenyume ili asiache wayo. Guntars Šmite, mwenyekiti wa chama na mgombea pia, akaja moja kwa moja, akakanyaga mchanga wa kaburi la mama yake Dzidra uliokwisha kuchanwa.

"We Guntars! Umelelewa zizini?" akafoka Milda, jirani yake Dzidra. "Hata ng'ombe wangu angezunguka!"

"Nisamehe, mama Milda. Nina neno na profesa." Akamgeukia Dzidra. "Tumekuweka wa mwisho karatasini. Tamka kwamba shule ifungwe, tutakupandisha."

Dzidra akafuta nyayo za mwenyekiti kwa reki, taratibu. "Niacheni hukohuko chini."

"Basi waombe kura. Si wote hawa hapa?"

"Niombe kura mbele ya mama yangu? Thubutu!"

Hata hivyo hofu ilimkaa moyoni. Alijua kwamba jina la mwisho husahaulika. Lakini sheria yetu ina jambo moja la haki: mpiga kura akishachagua karatasi ya chama, huweza kumtilia alama ya kujumlisha amtakaye na kumfuta asiyemtaka. Wengi hawajishughulishi. Mwaka ule kijiji kilijishughulisha.

"Wewe nimekutilia alama nene," Milda alimnong'oneza nje ya kituo cha kura siku ya uchaguzi. "Na yule mkanyaga makaburi nimemfuta mpaka karatasi ikataka kutoboka."

"Milda, kura ni siri!"

"Siri gani? Foleni nzima tumeshakubaliana!"

Alama zikampandisha Dzidra kutoka mwisho hadi mwanzo, na Guntars akabaki nje ya baraza. Katika kikao cha kwanza ikaitishwa kura ya shule. Dzidra akainua mkono, na kwa kura moja hiyo shule ikasalimika. Mwenyekiti wa kikao alikwisha kutangaza matokeo, naye Dzidra bado kauinua mkono.

"Shusha mkono, profesa," Milda akaita kutoka viti vya nyuma. "Watoto wamebaki."