Siku Mama Alipokufa Juu ya Maboga

Harufu ya majani ya maboga hainipiti hivi hivi. Ukivunja kikonyo cha jani na kuuvuta ule uzi wake mgumu, hutoka harufu mbichi yenye ukali kidogo, na vidole hubaki vya kijani mpaka kesho yake. Wajukuu wangu wanaikwepa kazi hiyo, wanasema manyoya ya majani yanawawasha. Basi mimi hukaa nayo peke yangu kibarazani, navuta nyuzi, na kabla ungo haujajaa nakuwa nimeshafika juu ya tembe letu. Nina umri wa kung'oka meno ya utoto, na mama yangu amelala chali katikati ya maboga, akitangaza kwamba amekufa.

Msishtuke. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na alikufa mara ya pili akiwa mzee mwenye maneno makali vilevile.

Nianze na tembe lenyewe, maana vijana wa leo mnalijua kwa kusikia tu. Ilikuwa nyumba ya kimo kifupi, kuta zake miti iliyokandikwa udongo, na paa lake bapa, la udongo pia. Ukigeuza kinu na kukikanyaga, ulikuwa juu. Pale ndipo tulipoanika mtama na mboga za kukausha, na sisi watoto ndipo tulipopigia soga. Nyumba nyingine ziliishia hapo, au kwa shina moja la boga. Mama yangu yeye aliliona paa akaona shamba. Chini kulikuwa na mbuzi waliokula kila kilichochipua, na nungunungu aliyekuja kuchimba usiku na kutuachia miiba yake kama shukrani. Juu hapakufika mbuzi wala nungunungu.

Kiangazi, upepo wa Ugogo ukituchapa vumbi la macho, tulibeba samadi na majivu na kuyajaza kwenye mashimo kando ya ukuta. Watu walitucheka: ardhi imepasuka, nanyi mnailisha! Mvua ya kwanza ilipopiga, mama alifukia mbegu alizorithi kwa mama yake, ambaye alizirithi kwa mama yake pia, na akazisimamishia fito. Mimea ilipanda ukuta kwa vikamba vyake, ikajilaza juu ya paa. Chini ya ukuta mlenda ulijiotea wenyewe, hatukuupanda wala kuupalilia. Kufikia katikati ya chifuku, ndivyo tuitavyo msimu wetu wa mvua, nyumba yetu haikuonekana tena. Ungeona kilima cha kijani chenye mlango.

Kilima kile kilikuwa na wakazi wake. Nyuki waliingia kwenye maua ya njano asubuhi na kutoka wakiwa wamepakaa unga mwili mzima. Kinyonga mmoja aliishi juu ya mlango, nasi tulipita mbio tukifumba macho, maana tuliambiwa akikutazama sana utakuwa mzito wa kutumwa. Mama alisema kinyonga huyo lazima alinitazama siku nyingi kabla sijajua kutembea. Kanga nao walikuja kuparura chini ya mlenda, mdogo wangu akiwafukuza bila kumkamata hata mmoja.

Wageni hudhani kwetu njaa huja na ukame. Ndiyo, huja nao. Lakini njaa ya kila mwaka huja na kijani, pale mtama ungali umesimama shambani bila suke na ghala limebaki vumbi. Mwaka ninaosimulia baba alikuwa amechukuliwa kujenga njia ya reli, na habari zake zilitufikia kwa vipande kutoka kwa wapita njia. Tulikuwa watatu: mama, mimi na mdogo wangu. Tulikula majani ya maboga, kisha maua ya maboga, kisha mlenda, kisha tukarudia majani. Tuliyangoja maboga yenyewe yakomae. Yakivunwa mabichi, chakula kingekwisha mapema, na mbegu zingekuwa maji matupu ndani, zisizoweza kuota mwaka unaofuata.

Ndipo ikaja amri. Aliileta akida, mtu wa pwani ambaye Wajerumani walimweka juu yetu. Alivaa kanzu nyeupe na alitembea na mwavuli, mvua iwepo isiwepo. Alisimama kisimani akasema mimea yote iliyopanda mapaa iondolewe, kwa sababu inaficha panya, na panya huleta tauni. Huenda alisema kweli kuhusu panya. Sijui mpaka leo, na sijali. Mtu akikuchukulia mume wako akaponde mawe, kisha akaja kukuhurumia kwa ajili ya panya, una ruhusa ya kutomsikiliza.

Majirani waling'oa. Kwao ilikuwa ni mmea mmoja mmoja tu, na kiboko cha boma walikijua. Jirani yetu Mama Chilewa alikuja kumsihi mama. "Toa, mwenzangu. Boga si mtoto."

"Ni chakula cha mtoto," mama akajibu, akaendelea kuchambua mlenda.

Siku chache baadaye akida alirudi na askari mwenye panga. Kijiji kizima kilikusanyika uani kwetu, maana watu hawapendi balaa likipita bila wao kuliona. Askari yule alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kucheka, na alivyoitamka tu salamu yetu ya Kigogo ilionyesha hakuwa wa kwetu.

"Mbukwenyi, wenye masikio marefu!"

Mama aliinua kichwa. Alikulia kando ya njia ya misafara, akiwauzia wapagazi maji na unga, na Kiswahili alikipata huko pamoja na matusi yake.

"Wewe wa wapi? Unyamwezi?"

"Hukohuko. Naitwa Mihambo."

"Nilijua. Nimeuona utosi, umebapa kwa mizigo ya watu."

Watu wakaangua kicheko. Mihambo naye akacheka. "Na nyinyi Wagogo masikio mliyatoboa ya nini? Amri ya serikali inaingia kwenye tundu hili, inatokea kwenye lile."

"Ndiyo kazi ya tundu," mama akasema.

Hapo hamtaelewa kilichofuata msipojua utani. Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakutukana nawe hukasiriki. Anaingia shambani kwako, anachuma anachotaka, nawe unamfukuza kwa maneno tu. Na siku ya msiba wako mtani ndiye anayekuja kuwachekesha waliofiwa, kumwigiza marehemu, hata kuingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu. Mambo hayo hayaandikwi popote na hakuna askari wa kuyasimamia. Yanasimama kwa sababu watu wamekubali.

Akida, aliyekuwa amechoka kusimama, akafunga mwavuli. "Panda. Kata yote."

Mihambo akaacha kucheka. Alipogeukia kinu, mama alikuwa ameshakikanyaga. Alipanda kabla yake, akatambaa kati ya mashina asivunje hata moja, akajilaza chali, mikono kifuani, na jani kubwa la boga akajifunika usoni. Mimi nilikuwa nimemfuata, niko ukingoni mwa paa, nikimwona vizuri kabisa.

"Mimi nimekufa," alisema kutoka chini ya jani. "Mtani, nizike kwanza. Halafu ukate."

Chini uani watu wakajishika vinywa. Kujitangazia kifo ni uchuro, hata kwa mzaha. Nilimsikia Mama Chilewa akisema, "Mungu wangu, anajichuria!" Mihambo alikuwa ameshafika juu. Alisimama panga mkononi, akamtazama mama, akatazama chini kwa akida, kisha akamtazama mama tena. Maboga yalikuwa yamewazunguka, ya kijani yenye mistari, bado machanga. Tumbo la mama lilipanda na kushuka haraka haraka chini ya nguo yake ya ngozi. Nilidhani anazuia kicheko.

Mihambo akaweka panga chini.

Kisha akajishika kichwa na kupiga yowe ambalo naamini lilisikika mpaka bondeni. "Mama weeee! Mgogo wangu amekufa! Nani sasa atanikatalia mtama? Nani atanipa mlenda usio na chumvi? Alikuwa mchoyo, alikuwa na kelele, masikio yake yalifagia njia! Mama weee!"

Mama Chilewa ndiye aliyedakia kilio kwanza. Wakafuata wanawake wengine, wakilia na kucheka kwa pamoja, wakajitupa chini, wakajishika viuno. Mdogo wangu peke yake ndiye aliyelia kweli, ikabidi apewe ua la boga anyamaze.

"Upuuzi gani huu?" akida alifoka. "Kata!"

"Bwana akida," Mihambo akajibu kutoka juu kwa adabu zote, "kuna maiti ndani ya mji. Msibani jembe halishikwi. Hata kwenu pwani mnajua."

Alijua, na uso wake ulionyesha kwamba anajua. Alikitazama kinu, akaitazama kanzu yake, akatutazama tuliokuwa tukimlilia maiti mzima. Akafungua mwavuli akaondoka. Mihambo alishuka na kumfuata, panga likiwa kwapani, bado akilia kwa sauti mpaka walipokata kona.

Hawakurudi msimu ule. Nadhani akida hakutaka mtu wa boma amwulize jinsi alivyoshindwa na mfu. Maboga yalikomaa. Tuliyala yaliyochemshwa, tuliyala yaliyochomwa kwenye majivu, na mbegu mama akazianika juu ya paa lilelile. Kwangu mimi ilikuwa hadithi ya kuchekesha kuliko zote, nikaisimulia kwa kila aliyekubali kukaa.

Mihambo alikuja mara moja tu baadaye, wakati boga la kwanza lilipokuwa limekauka kikonyo. Hakuwa na nguo za askari. Alisema amechoka na serikali, anarudi kwao. Mama alimpa kigoda, akakataa, akala ugali wake amesimama. Mama akamcheka: "Mnyamwezi bwana! Punda asiyetuliwa mzigo!" Nikacheka na mimi. Kisha Mihambo akapanda paa, pole pole sana, akakata boga kubwa kuliko yote na kuliweka begani bila kuomba. Mama alimfukuza kwa mwiko mpaka njiani, akimtukana yeye, mama yake na babu yake. Kando ya njia palikuwa na furushi la mlenda mkavu na unga. Mama yangu, ambaye hakuwahi kusahau hata kijiti nje, alikuwa amelisahau pale. Mihambo akaliiba pia.

Nilikuwa nimeshazaa mtoto wangu wa kwanza mama aliponiambia alichokiona siku ile. Mihambo alipopanda, shati lake lilinyanyuka. Mgongo na makalio yalikuwa majeraha mabichi ya kiboko. Hakukaa kwa sababu hakuweza kukaa.

"Sasa mbona ulizidi kumtukana?" nilimwuliza.

"Ningemwonea huruma, ningekuwa nimempiga mara ya pili," alisema. "Alikuja kama mtani. Nilimpokea kama mtani."

Ndipo nilipoelewa lile tumbo lililokuwa likipanda na kushuka. Haikuwa kicheko. Mama alikuwa anaogopa. Alijilaza pale bila kujua kama aliyesimama juu yake ni mtani au ni askari, na sidhani kama Mihambo mwenyewe alijua, mpaka alipoweka panga chini. Wajerumani walikuwa na boma la mawe, bunduki na reli. Sisi tulikuwa na mzaha, na mtu mmoja aliyekubali kuulipia kwa ngozi yake.

Leo nina nyumba ya bati, na maboga yangu yamepanda mpaka juu, ya mbegu ileile. Chifuku kilichopita alikuja kijana wa afya. Akaniamkia vizuri, shikamoo bibi, kisha akasema mimea juu ya paa huficha panya na itabidi niiondoe. Nilimwuliza kwao wapi.

"Tabora, bibi."

"Kumbe Mnyamwezi! Panda basi ukate," nikamwambia. "Lakini ukifika juu utanikuta nimekufa."

Alilitazama paa, akanitazama mimi. Kisha meno yakaanza kuonekana. Aliondoka na boga moja bila kuomba, nami nilisimama mlangoni nikamtukana kwa sauti yote niliyobaki nayo, mpaka akapotelea njiani.