Sahani Moja na Mwaitu

Meza ilikuwa ndogo mno. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona tulipoingia kwenye ule mkahawa wa Mwitaliano nje kidogo ya Kibwezi, kabla hata ya harufu ya kitunguu saumu. Tulikuwa watu watatu: mama yangu, ninayemwita mwaitu kwa Kikamba, mimi, na mwanamume niliyetaka kuolewa naye. Kwa meza ile, magoti yetu yangegusana.

Mama hakuwa amewahi kwenda likizo. Kwake likizo ni neno la watoto wa shule. Nilimtoa Migwani kwa kumwambia tutakaa siku chache kwenye nyumba za wageni upande wa vilima vya Chyulu, apumzike, apikiwe na watu wengine. Alikubali kwa sharti kwamba Jumapili awe kanisani, maana yeye ni shemasi. Habari ya mwanamume nilimpa tulipofika mji wa Wote, akiwa anachagua machungwa sokoni. Aliyabonyeza moja moja, akauliza tu anatoka wapi. Nikamwambia Kakamega. Akaongeza machungwa mawili kwenye mfuko, na hadi tunakutana naye Kibwezi hakuligusa tena jambo hilo.

Kwetu Ukambani, mkwe na mama wa mke hawali pamoja. Ni nthoni, ile haya ambayo pia ni heshima: wakikutana njiani mmoja hukwepa, na wakati wa chakula kila mtu hukaa upande wake. Kwa hiyo nilijua ninachongoja. Mama akigeuza kiti, akaagiza chai na kusema hana njaa, basi moyoni ameshamkubali. Akila naye, huyo ni kijana tu, rafiki wa binti, mpita njia.

Ila mama ameokoka, na nimemsikia mara nyingi akisema kwamba mambo ya zamani yamepita. Je, akila, nitajuaje kama ni kumkataa au ni wokovu? Mimi ninayeuliza swali juu ya kila kitu sikupata swali la kumuuliza mama yangu bila kujiaibisha. Na mwenzangu sikumwambia lolote. Angejua, angeanza kuigiza. Mbuzi wa ntheo, wale wa kuposa, nilikuwa nimeshamwambia asahau. Mimi sinunuliwi, tutaandikisha ndoa kwa serikali na mambo yaishe.

Mwenye mkahawa, mzee mwenye tumbo na aproni, alikuwa ameoa huku Makueni. Alimsalimia mama kwa Kikamba kilichopinda kila mahali, mama akajibu huku akificha kicheko. Nikapumua kidogo. Kisha mzee akatangaza kwamba familia haipakuliwi mmoja mmoja. Yeye hupika kitu kimoja na kukiweka katikati.

Nikamwomba atupe sahani tatu.

"Sahani tatu ni za watu waliokosana," akasema. "Nyinyi mmekosana?"

Hakungoja jibu. Akaenda jikoni, akarudi na sinia la spageti lenye nyanya, mbaazi za hapo hapo na jibini juu, akaliweka kati yetu na uma tatu.

Mama aliomba. Maombi yake ni marefu, na siku hiyo nilisikiliza kila neno kama mtu anayesomewa hukumu. Alishukuru kwa safari, kwa barabara, kwa mikono iliyopika. Mwishowe akamwombea "mgeni wetu". Mgeni. Nikafungua macho kabla ya amina.

"Mama, anza wewe," mwenzangu akasema.

Mama alitazama mlango, kisha dirisha. Akashika kiti chake kwa mkono mmoja. Nikajua anakigeuza. Lakini alikuwa anakisogeza karibu.

Akala. Spageti ilipomteleza aliifuata kwa kidole, na yule mwanamume akamwonyesha namna ya kuizungusha kwenye uma. Mama akamuuliza habari za kwao. Mwenzangu akasema mama yake mzazi alifariki kabla yeye hajajua kuongea, na amelelewa na shangazi, bweni na wajomba kwa zamu. Mama alisikiliza huku anatafuna polepole. Kila tonge la mama niliona linamfutia yule mwanamume jina la mkwe. Chakula kilipungua mpaka uma zao zikagongana katikati, wakacheka wote wawili, naye mama akamsukumia mbaazi za mwisho.

"Na wewe mbona huli?" akanigeukia. "Unangoja tukufungie ubebe?"

Baadaye mwenzangu alipokwenda jikoni kumsifu mzee, nilishindwa kuvumilia.

"Mwaitu, umekula naye."

"Nimekula."

"Sahani moja."

"Sahani moja. Anakula vizuri. Hachagui, na upande wako ukiisha anakusogezea wake."

"Kwa hiyo humtaki."

Alipangusa midomo.

"Mwiitu, binti yangu, huko chuo ulisoma nini? Si hajaleta mbuzi? Akishaleta sitakaa naye hivi tena mpaka nife. Ningemjua lini?"

Nikamkumbusha kwamba nilisema sinunuliwi. Akajibu kwamba mbuzi si wa kuninunua mimi. Ni wa kumzuia yeye mama mkwe, asije akaingia katika nyumba yangu kila siku kuonja sufuria. Kisha akachukua mwavuli wake wa jua, akatangulia nje.

Tulirudi kwa miguu, mama mbele, sisi nyuma. Mwenzangu alikuwa na furaha kama mtu aliyefaulu mtihani. Alisema mama amempenda, na kwamba jioni atakaa naye tena, atamfundisha kula na tambi nyingine, ile ya kukunjwa. Ndipo nilipomweleza yote: nthoni, kiti, mbuzi.

Alipunguza mwendo.

"Kwa hiyo akishanikubali, sitakula naye tena."

"Ndiyo."

Alimtazama mama, aliyekuwa anapanda kilima polepole chini ya mwavuli.

"Basi hao mbuzi wangoje kidogo," akasema. "Hata mwaka. Si wewe mwenyewe huwataki?"

Mimi niliyekuwa nimemkataza mbuzi kwa mdomo wangu mwenyewe nilijisikia nikimuuliza, kwa sauti iliyomfanya mama asimame na kugeuka:

"Wangoje kwa nini?"