Nilivyomdhamini Mjukuu Wangu kwa Wizi Asioufanya

Nawasimulia mwenyewe kabla Mama Zuhura jirani yangu hajawafikia, maana yule anaongezaga chumvi, na aibu yangu hii chumvi inayo ya kutosha.

Mjukuu wangu Mwanahawa (mke mwenzangu huyo, namlea mie tangu mama yake afariki) kapata chuo, akawa anahangaikia mkopo wa serikali. Mambo ya mkopo nilikuwaga nayasikia juujuu, shule sijui hata mlango wake. Sasa siku hiyo napika vitumbua hapa Mabibo, simu inalia, ni yeye, na anaongeaga kama cherehani: "Bibi nipo mahakamani nataka mdhamini, hakimu ananisubiri, njoo na kitambulisho, saa tisa wanafunga..." Mie nikakata. Ningevumilia nusu dakika tu. Lakini mahakama, hakimu, mdhamini, sie wa uswahilini tunajua hapo mtoto kakamatwa.

Nikazima jiko, nikatoka, nikarudi, natafuta kitambulisho (nimekishika), nikatoka tena, kufika barabarani tushakuwa wanawake wanne na Mama Zuhura keshaanza kulia. Njia nzima najiuliza kaiba nini, mtoto anayeogopa hata kuku.

Mahakamani kuna foleni ya vijana na wazazi wao. Sikuuliza mtu. Nikawapita wote mpaka kwa hakimu, nikapiga magoti: "Mheshimiwa, huyu mtoto hajaiba, na kama kaiba katumwa. Nifunge mie."

Hakimu, mama mmoja anaongea polepole kama anakuhesabia vidonge, akaniuliza, "Nani... kaiba... nini, bibi?"

Foleni yote ikamgeukia Mwanahawa. Dada mmoja akaubana mkoba wake kwapani. Mjukuu wangu kasimama na fomu yake, machozi yanamtoka, na karani naye anasema muhuri hagongi mpaka ijulikane huyu binti ana kesi gani, na saa tisa hiyo inafika, na leo ndiyo mwisho wa fomu, akikosa chuo basi. Nikaanza kuapa hajaiba hata sukari, wenzangu nao wanaapa, ndiyo tunazidi kuharibu.

Hakimu akatunyamazisha wote. Akanieleza fomu ya mkopo wa chuo inataka mtu wa kusimama nyuma ya mwanafunzi, basi, hakuna kesi hapo. Akaniuliza, "Umeelewa mdhamini ni nani?"

Nikamwambia, "Akimaliza chuo akakimbia na hela zenu, mnakuja kunikamata mie."

Hakimu akamtazama karani, akasema, "Ndiyo hivyohivyo."

"Sasa mie nimekosea wapi?"

Hakimu akanisogezea wino. Nikabandika dole gumba, muhuri ukagongwa wanafunga dirisha.

Nje Mwanahawa akanitangulia hatua ishirini, hataki kuonekana na mie. Halafu akasimama. "Bibi, kweli ungefungwa kwa ajili yangu?"

Nikamwambia ningefungwa, ila asome, maana dole langu wanalo. Na simu sikati tena mpaka mtu amalize maneno yake yote, hata awe ananitukana.