Namba Nyuma ya Mlango wa Stoo

Kwanza nikwambie, mimi si mtu wa majini. Kwetu Nizwa, Omani, ukitaka habari za majini huna haja ya kwenda mbali, kaa tu karibu na wazee kwenye harusi, utapewa mpaka ukinai. Mimi nilikuwa nikizicheka. Kazi yangu kompyuta, na kompyuta ikikataa ina sababu, itafute utaiona. Haya nitakayokusimulia yamenifika mwenyewe, mchana kweupe, na akili zangu timamu. Ukitaka amini, hutaki basi, lakini usije ukaniambia nilikuwa naota.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa fundi katika kampuni moja ya pampu za maji. Nilikaa Nizwa, na matawi yote ya ndani yalikuwa juu ya kichwa changu. Tawi dogo kuliko yote lilikuwa katika kijiji kimoja cha milimani, upande wa Dima wa Tayyin: chumba kimoja cha ofisi, stoo nyuma yake, na karani mmoja tu, Bi Zuwena. Watu wake walirudi kutoka Pemba kama wetu walivyorudi kutoka Unguja, kwa hivyo kwenye simu tulikuwa tukisema Kiswahili chetu na kuwasengenya wakubwa wa Maskati kwa raha zetu. Uso kwa uso tulikuwa hatujaonana.

Jumatano moja ya mwezi wa saba, asubuhi, simu ikalia. Bi Zuwena, sauti imemkauka.

"Fundi, mwanangu, nifanyie hisani uje leo leo. Hii laptopu walonletea haifungui kitu. Na Asila mwisho wake saa nane u nusu."

Asila ni bintiye wa pekee. Alikuwa kapata nafasi ya chuo cha uuguzi, lakini nafasi ile ilibidi aithibitishe mwenyewe kwenye tovuti, aingie, aweke namba yake, abonyeze. Muda ukipita anapewa mwengine, na yeye akae nyumbani mwaka mzima. Kijiji kizima kilikuwa na intaneti moja tu, ile ya ofisi, iliyopita kwenye waya wa simu. Kompyuta yao ya zamani ilichukuliwa Maskati Jumamosi ile, wakaletewa laptopu mpya. Kila siku wanajaribu, kila siku inagoma, na kila siku Bi Zuwena akisema kesho itakaa sawa. Waomani sisi na kesho yetu, unatujua.

"Bi Zuwena, n'nakuja," nikamwambia. Nikachukua ufunguo wa gari nikatoka mbio. Daftari langu la kazi, lenye namba zote ninazozihitaji, nikaliacha juu ya meza. Haraka haraka haina baraka, nimeambiwa hivyo tangu mtoto, na bado.

Nikapita Sinaw, nikatokea Ibra, nikaingia milimani. Lami ikaisha, likaanza vumbi. Sasa ikaja shida ambayo mtu wa leo mwenye ramani kwenye simu haijui. Zama zile nyumba zetu hazikuwa na namba wala njia hazikuwa na majina. Ukitafuta mtu, unafika kijijini, unasimamisha gari, unauliza: nyumba ya fulani bin fulani iko wapi? Kila kijiji kina mtu wake wa kuulizwa. Barua, mgeni, posa, maiti wa kurudishwa kwao, wote wanapita kwake.

Na kijijini pale saa saba mchana hapakuwa na kiumbe. Jua la mwezi wa saba, nani atoke? Nimezunguka mara mbili ndipo nilipomwona mzee mmoja amekaa juu ya jiwe, njia panda, juani. Nakwambia juani, wakati ukuta wenye kivuli uko hatua tatu nyuma yake. Amevaa dishdasha, kanzu yetu ya Kiomani, na juu yake koti la kijivu la sufu, lile walilokuwa wakivaa wazee wetu wa Unguja na Pemba wakienda barazani. Vifungo vyote vimefungwa, na kimoja ni cheusi, hakifanani na wenziwe. Nilikiona hicho kifungo, sijui kwa nini nilikitazama.

Nikashusha kioo nikamuuliza kwa Kiarabu, ofisi ya pampu iko wapi? Akanijibu kwa Kiswahili.

"Pinda kwenye tangi la maji. Pita msikiti mdogo. Mlango wa chuma, wa kijani."

Nilifurahi kama nimekutana na mjomba! "Shikamoo, mzee wangu!" nikamwambia.

Akanitazama. Hakuitikia. Mzee wa kwetu, umpe shikamoo, asikupe marahaba? Hata aliyekasirika na wewe ataitikia, japo kwa pua. Nikasema labda masikio yake mazito. Naye akasema, taratibu: "Mwambie Zuwena, ile namba iko nyuma ya mlango wa stoo."

Mambo ya wazee, nikasema moyoni, hiyo ni namba ya simu ya mtu tu. Nikamjibu "insha'Allah," ile insha'Allah yetu tunayoitoa tukiwa hatuna nia. Alinyanyua kidole, na mdomo wake ukafunguka tena. Mguu wangu ulikuwa umeshakanyaga mafuta. Kwenye kioo cha gari niliona vumbi langu tu.

Tangi la maji, msikiti mdogo, mlango wa kijani. Kila kitu mahali pake. Bi Zuwena alinipokea mlangoni, mwanamke mwembamba, macho mekundu. "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu, pita, pita." Asila alikuwa amekaa pembeni, kijikaratasi chenye namba yake amekikunja mpaka kimekuwa kama punje. Saa ya ukutani ilisema saa saba na robo.

Nikakaa kwenye laptopu. Laini inaungana vizuri. Nikaandika jina la tovuti: hakuna. Nikaandika jina la tovuti nyengine: hakuna. Nikajaribu kuifikia kwa namba mashine moja ya kampuni ninayoijua namba yake. Ikajibu papo hapo! Basi nikaujua ugonjwa.

Nikueleze kidogo, usinichoke. Kompyuta haijui majina, inajua namba. Wewe ukiandika jina la tovuti, yenyewe inakwenda kumuuliza mtu wake, yaani mashine iliyowekwa kwa kazi hiyo: fulani anakaa wapi? Ile inarudisha namba, ndipo safari inaanza. Na namba ya huyo wa kuulizwa lazima kompyuta iwe nayo, vyenginevyo imesimama njia panda. Laptopu ile mafundi wa Maskati waliiwekea namba ya mashine yao ya makao makuu, ambayo huwajibu watu wa ndani ya jengo lile tu. Kwa hivyo siku nne nzima ilikuwa ikiuliza, ikingoja, na hakuna wa kuiitikia.

Nikafuta namba ile, nikaiamrisha ipokee nyengine kutoka kwenye laini yenyewe. Ikarudi mikono mitupu. Nikaandika mbili nilizodhani nazikumbuka kichwani. Kimya. Nikakata intaneti nipige simu Nizwa, wenzangu wote wameshakwenda kula na kulala mpaka saa kumi. Nikawapigia watu wa laini, sauti ya mashine ikaniomba nisubiri, nikasubiri mpaka sikio likauma. Simu yangu ya mkononi baina ya majabali yale haikuwa na hata mstari mmoja.

Saa nane kasorobo.

"Tumpeleke Asila Ibra?" akauliza Bi Zuwena.

"Tutafika saa tisa, na mikahawa ya intaneti imefungwa mpaka alasiri."

Asila hakulia. Alisema tu, "Khalas, basi, mama, mwakani." Na lile "mwakani" lilinichoma kuliko kama angelipiga kelele. Niliona haya. Fundi mzima, nimepita Sinaw na Ibra kuja kuwaambia ugonjwa ninaujua na dawa nimeisahau mezani!

"Kwani ile kompyuta ya zamani mlipoiweka, namba hii aliwapa nani?" nikauliza.

"Wallahi sijui. Siku waliyofunga laini mimi nilikuwa mjini Sur kwa dada. Alikuwepo marehemu baba, yeye alikuwa tarishi na mlinzi hapa. Ndiye aliyesikiliza simu, ndiye aliyemwambia yule fundi aandike nini."

Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee wa jiwe. Nikasema, na aibu kidogo, "Bi Zuwena, kuna mzee njiani kanambia nikwambie, ile namba iko nyuma ya mlango wa stoo."

"Mzee gani?"

"Anasema Kiswahili."

Akanikodolea macho. "Mzee wa Kiswahili hapa hayupo. Alikuwa mmoja tu."

Nilishasimama. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, umegandana na ukuta, na kwa vumbi la chini ulionyesha haujafungwa siku nyingi. Nikauvuta. Nyuma yake, kwenye msumari, limetundikwa koti. Koti la kijivu la sufu. Vifungo vyote vimefungwa, kimoja cheusi.

Niamini ninachokwambia. Nilipiga hatua nikalikaribia. Na haikuwa hofu, ndiyo nnayotaka uifahamu. Ilikuwa hamu ya kujua. Nikanyoosha mkono nikalishika. Stoo ile haina dirisha, kiyoyozi cha ofisi kinaingia mpaka ndani, sakafu baridi. Koti lilikuwa la moto. Moto wa kitu kilichokaa juani saa nzima.

"Alilitundika mwenyewe," Bi Zuwena akasema nyuma yangu. "Siku ile ile aliyokufa. Mwaka wa tatu huu, sijaweza kulitoa."

Nikalisogeza. Kwenye mbao za mlango, kwa penseli, kwa hati ya mtu aliyesoma chuoni Pemba, tarakimu ziko wima na nukta zimekandamizwa: safu mbili za namba. Hakuwa na karatasi siku ile, masikini, aliandika alipoweza.

Asila akazisoma kwa sauti, mimi nikaandika. Nikabonyeza. Tukangoja, na sijapata kungoja hivyo maishani mwangu. Ukurasa ukaanza kujichora, kipande kipande, kwa uvivu wa laini za zama zile. Saa nane na dakika kumi na nane akaweka namba yake. Saa nane na ishirini na moja ukatoka mstari wa kijani, imethibitishwa. Bi Zuwena akapiga kigelegele kimoja, kikamkatikia njiani, akakaa chini sakafuni akalia.

Alipotulia akanitaka nimsimulie yote. Nikamsimulia: jiwe, jua, koti, kifungo. Akasema kifungo kile alikishona yeye, kabla ya safari ya hija, hakupata cha kijivu. Akasema baba yake alikuwa akikaa njia panda pale kila siku baada ya adhuhuri, huyo ndiye aliyekuwa mtu wa kuulizwa. Akaniuliza, na shikamoo, je, aliitikia?

"Hakuitikia."

"Alikwambia namba, halafu?"

Hapo ndipo nilipoona nimefanya nini. "Halafu alinyanyua kidole. Alitaka kusema kitu. Mimi nikaondoka."

Hakunilaumu, Bi Zuwena. Ingekuwa afadhali angenilaumu. Alisema tu kwamba baba yake alikufa kwa ghafla, pale pale ofisini, yeye yuko nyumbani anapika, na hawakuagana.

Nilirudi njia panda mbio. Jiwe lipo. Nililigusa, likanichoma, lakini jiwe gani la mwezi wa saba halichomi? Nilikaa juu yake mpaka adhana ya alasiri. Hakuja mtu.

Asila leo ni muuguzi, ana watoto. Mimi na Bi Zuwena tumekuwa ndugu, idi haipiti sijampigia. Na kila tukizungumza, mwisho kabisa, kabla hajakata simu, atauliza, "Fundi, una hakika hakusema jengine?" Nami kila mara namjibu, "Sikusubiri, Bi Zuwena." Kila nikenda upande ule nasimamisha gari pale penye jiwe, nashusha kioo, natoa shikamoo kwa sauti, nangoja. Watu wamenizoea, wanadhani nimepungukiwa.

Kwa hivyo nakuusia, wewe unayenisikiliza na ufunguo wa gari mkononi. Ukimwamkia mtu, mjuane au msijuane, usiondoke kabla hajakuitikia. Na akikuitikia, ngoja kidogo tena, mpaka mdomo wake ufunge. Haja yako huenda umeshaipata, ya kwako imekwisha. Lakini neno lililobaki huenda ni la mtu mwengine anayelingoja nyumbani, na ukishaliondoa gari, huna pa kwenda kumuulizia.