Njia Iliyofagiwa

Sauti ya majani makavu yakikanyagwa bado inanisimamisha, mimi Muhindo, mwalimu wa Kiingereza hapa Butembo, mtu mzima mwenye chaki mfukoni. Juzi niliisikia nje ya dirisha la darasa, nikiwa nafundisha neno ambalo hata Waingereza wengi hawalitumii: *susurrus*. Maana yake ni mnong'ono laini, wa majani, wa maji, wa nguo ya mtu anayepita. Waandishi wao wanalipenda sana. Wanaliweka pale wapenzi wamejilaza chini ya miti na hakuna baya linalokuja. Niwaambie ukweli, ndugu zangu, neno hilo nililichukia tangu siku ya kwanza. Mnong'ono laini! Kwao, labda.

Sisi tulikuwa na shamba la kakao nje ya Beni, karibu na msitu. Jani la kakao ni pana, likikauka linakuwa gumu, huwezi kulikanyaga kwa siri. Ndiyo maana baba alikataza kufagia njia ya kuja nyumbani. Miaka ile watu wa msituni walikuwa wanaingia mashambani na kuua, na mlinzi mwingine hatukuwa naye. Kwa masikio tulijua kuku, tulijua mbuzi, tulijua buti za baba, moja ikiburuta kwa sababu ya goti lake bovu.

Basi akatutembelea mama mudogo Kavira, mdogo wake mama, kutoka Butembo. Na mnajua watu wa Butembo! Kwao uwanja wenye majani ni aibu ya mwanamke. Siku hiyo baba alikuwa amepeleka magunia Beni, na mimi na mama tulikuwa nyuma ya nyumba tukigeuza kakao juu ya shitingi, turubai la kuanikia. Mama mudogo akashika ufagio. Alifagia uwanja, akafagia njia mpaka barabarani, akayachoma majani yote huku anaimba; sisi moshi tulidhani ni wa jikoni.

Tulipozunguka mbele, jua lilikuwa linashuka. Mama akaweka mikono kichwani.

"Kavira! Umetufanya nini?"

"Mais lakini dada, nimefagia tu. Ilikuwa buchafu!"

"Hii majani ndiyo masikio yetu, weye!"

Na mchana huohuo jirani alikuwa amepita akisema kuna watu wameonekana ng'ambo ya mto. Mama alitusukuma ndani. Komeo la mlango lilikuwa limekufa zamani, kwa hiyo alishika panga akasimama kando yake. Mimi nililia bila sauti, nimeuma kitenge cha mama mudogo. Tulisikiliza. Hakuna kitu. Mtu angeweza kuwa mbali, au angeweza kuwa palepale.

Mlango ukasukumwa. Panga likashuka.

Lilikwama kwenye mwimo, kando ya sikio la baba. Alikuwa amebeba makayabu, samaki wa chumvi, zawadi ya mgeni. Aliangalia panga, akageuka akaangalia njia ile safi, halafu akaketi kizingitini. Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili, anatafuta kidonda ambacho hakikuwepo.

"Karibu nikuue, baba Muhindo. Ee Mungu, karibu nikuue."

Mama mudogo alichukua kikapu, akaenda chini ya mikakao ya karibu, akarudi na majani, akaanza kuyamwaga njiani huku machozi yanamtoka. Tukamsaidia sote, haraka, kabla giza halijaingia.

Kwa miaka mingi nilidhani majani yale yalikuwa ya hofu tu. Ni juzi, mbele ya wanafunzi, nilipokumbuka jambo lingine. Jioni za kawaida, buti ile ikianza kuburuta kwenye majani, mabega ya mama yalishuka, akatia unga kwenye maji yaliyokuwa yanachemka. Kumbe na yeye alikuwa anasikia kile waandishi wanachosikia. Nikalisamehe neno lao.

Baba ametutoka, na mama anakaa kwangu mjini. Nimeacha majani ya mwavokado yajae kutoka geti mpaka mlangoni, na majirani wanasema mwalimu ni mvivu. Waseme. Jioni nikirudi kutoka kazini, kabla sijabisha, namsikia ndani ameanza kusonga bugali.