Mkono wa Amariah Fosdick

Amariah Fosdick alikuwa fundi wa mapipa kabla majirani zake wa kule mtoni hawajamtuma bungeni, na mapipa yake aliyauza kwa kushikana mikono tu. Siku hizi mtu akikuahidi gunia la mahindi, unatafuta wakili. Enzi zile mkono ulitosha.

Majira yale ya baridi bunge la jimbo lilikwama. Seneta wa kwenda Washington alichaguliwa na wabunge, kila mmoja akisimama na kutaja jina la mtu wake, na vyama viwili vilikuwa sawasawa, kura kwa kura. Ndipo ikaja habari kwamba Keziah, mkewe Amariah, ameshikwa na homa ya mapafu na hali si nzuri. Akienda, chama chake kinashindwa. Asipoenda, atamkuta kaburini.

Orrin Satterlee wa chama cha pili alilala naye chumba kimoja pale walipopanga, na walitaniana tangu siku ya kwanza.

"Nenda, mzee," Orrin akasema. "Tufanye jozi. Wewe hupo, na mimi jina langu likiitwa nakaa kimya. Mizani haitikisiki."

"Na wenzako wakikubana?"

"Wanibane! Mimi si pipa lako, sivuji."

Wakacheka, wakapeana mikono. Desturi hiyo ilikuwa ya zamani bungeni, na hakuna aliyekumbuka mtu kuivunja.

Keziah alifariki Jumapili. Ardhi ilikuwa imeganda, kaburi likachimbwa kwa shoka. Amariah alimzika, akapanda treni arudi kupiga kura. Aliposhuka stesheni, akasikia mzinga ukilia.

"Kuna nini?" akamwuliza mchukuzi.

"Seneta kapatikana, bwana! Kwa kura moja."

"Haiwezekani. Tuko sawasawa."

"Basi kauambie mzinga."

Amariah alisimama kwenye theluji, begi mkononi, mdomo wazi. Aliwapitia wabunge wote kichwani, mmoja mmoja, na kila alipofika kwa mtu fulani akamruka. Alimruka hadi alipomwona kwenye ngazi za bunge, watu wakimpigapiga mgongoni.

"Orrin. Si ulinyamaza?"

Orrin akatazama viatu vyake. "Walinikaba koo, Amariah. Ungekuwa wewe..."

"Mimi nilikuwa namzika Keziah."

Waliokuwa wakimpigapiga Orrin wakashusha mikono.

"Pole, ndugu yangu," Orrin akasema, akanyoosha mkono. Uleule.

Amariah aliutazama kama mtu aliyefunua shuka akakuta nyoka. Akatia mikono yake mifukoni, akaondoka.

Bungeni hakurudi tena. Aliunda mapipa hadi uzeeni na hakumdhulumu mtu, ila mnunuzi akinyoosha mkono, yeye hujifanya anatafuta nyundo. Wakamwita mwenye kiburi.

Siku binti yake alipoolewa, mkwe alimnyooshea mkono mbele ya kanisa zima. Mikono ya mzee ikabaki mifukoni.

"Baba," binti akanong'ona, "mshike basi."

"Najaribu, mwanangu," akasema. "Najaribu."